Kuipima Reliance kabla ya kununua hisa zake

Kuanzia 2007, vituo vya mafuta vya Gapco vilivyokuwa maarufu Tanzania, Kenya na Uganda vilikuwa chini ya kampuni ya Mumbai iitwayo Reliance Industries. Muongo mmoja baadaye viliuzwa kwa Total ya Ufaransa, na dereva aliyekuwa akijaza tangi pale huenda hakuwahi kujua kwamba pesa yake ilivuka bahari. Katika hesabu za Reliance biashara ile ilikuwa ndogo mno. Kampuni yenyewe ina kiwanda cha kusafisha mafuta cha Jamnagar, Gujarat, kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo mahali pamoja. Ina mtandao wa simu wa Jio, ina maelfu ya maduka ya vyakula, nguo na vifaa vya umeme, na tangu Novemba 2024 ina sehemu kubwa ya televisheni ya India baada ya kuunganisha biashara zake za habari na za Disney.

Ukubwa huo ndio unaowavuta wengi wanaotaka kuwekeza India. Lakini ukubwa haumlipi mwenye hisa. Kinachomlipa ni fungu lake katika kila biashara, na uamuzi wa familia ya Ambani, inayoiongoza kampuni, kuhusu faida inayobaki. Mambo hayo mawili ndiyo magumu kuyaona kwenye kampuni ya namna hii, na ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Kabla ya hayo, jina. Mwasisi Dhirubhai Ambani, aliyefanya kazi Aden ujanani na kurudi India mwaka 1958, alifariki Julai 2002 bila kuacha wosia. Wanawe wawili waligombana, na mwaka 2005 mama yao, Kokilaben, akasimamia mgawanyo. Mukesh alibaki na Reliance Industries. Anil alichukua simu, umeme na huduma za fedha, na baadhi ya kampuni za upande wake zimeendelea kutumia jina la Reliance. Reliance Communications iliishia kwenye mahakama ya ufilisi mwaka 2019. Anayenunua Reliance Power ya Anil akidhani amenunua sehemu ya Jio amenunua kitu kingine kabisa.

Jambo la pili ni namna Wahindi wanavyohesabu. Ripoti zao hutumia laki, ambayo kila mtu wa pwani anaijua, na krore, ambayo ni milioni 10. Laki krore moja ni trilioni moja. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Aprili na kuishia 31 Machi. Pia kila kampuni hutoa hesabu za aina mbili, za kampuni mama peke yake na zile zinazojumuisha kampuni tanzu. Kwa Reliance, hesabu za kampuni mama peke yake zinaiacha nje Jio pamoja na maduka, kwa hiyo za kusoma ni zile zilizojumuishwa.

Sasa ifunguliwe ripoti ya mwaka ulioishia Machi 2025. Mauzo yalikuwa rupia trilioni 10.71. Biashara ya mafuta na kemikali iliuza bidhaa za trilioni 6.27, na huduma za kidijitali, yaani Jio na ndugu zake, ziliuza trilioni 1.54. Anayesoma mauzo peke yake atasema hii ni kampuni ya mafuta. Lakini akishuka hadi kwenye mstari wa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, anakuta mafuta na kemikali yalileta takriban bilioni 550 na huduma za kidijitali takriban bilioni 650. Biashara inayouza mara nne zaidi imeleta faida pungufu. Maduka yalileta takriban bilioni 250, na uchimbaji wa mafuta na gesi takriban bilioni 212 kutoka kwenye mauzo madogo kuliko ya wote hao.

Sababu si ngumu kuielewa. Kiwanda cha Jamnagar hununua mafuta ghafi kwa bei ya dunia na kuuza dizeli na petroli kwa bei ya dunia, na kinachobaki ni tofauti ndogo kati ya bei hizo mbili. Tofauti hiyo hupanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Siasa nazo zinaigusa. Mwaka 2025 Marekani ilipoiwekea vikwazo kampuni ya Urusi ya Rosneft, Reliance ililazimika kupanga upya ununuzi wa mafuta ghafi ya Urusi. Kwa Jio hali ni tofauti: minara ikishasimama, kila mteja anayeongeza bando huleta pesa ambayo sehemu yake kubwa ni faida. Ndiyo maana kampuni ilipopandisha bei za vifurushi Julai 2024, faida yake iliongezeka kwa kasi.

Faida halisi ya mwaka ulioishia Machi 2025, baada ya kila kitu, ilitangazwa kuwa rupia bilioni 813. Magazeti mengi yaliandika hiyo. Mwekezaji anapaswa kushuka mistari michache zaidi, mpaka kwenye faida inayowahusu wenye hisa za Reliance Industries, ambayo ilikuwa bilioni 696. Bilioni 117 zilizopungua hapo ni za watu wengine.

Ni akina nani hao? Mwaka 2020, huku dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, Mukesh Ambani aliuza karibu theluthi moja ya Jio Platforms kwa wageni. Facebook ilichukua asilimia 9.99 kwa rupia bilioni 435.74. Walionunua wengine ni Google, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, mifuko ya Mubadala na ADIA ya Abu Dhabi, pamoja na kampuni kadhaa za Marekani. Maduka nayo yaliuziwa wageni vipande. Leo Reliance inamiliki takriban asilimia 67 ya Jio na asilimia 83 ya kampuni ya maduka. Ni mfano wa nyumba ya urithi iliyopangishwa: kodi ya pango ikifika, kila mrithi huchukua fungu lake, na aliye na vyumba vingi hawezi kudai yote.

Kosa la kulisahau hilo lina bei, na inahesabika. Tuseme mtu anaamini Jio nzima ina thamani ya rupia trilioni 10. Reliance ina hisa bilioni 13.53 baada ya kila mwanahisa kupewa hisa moja ya bure kwa kila aliyokuwa nayo mwezi Oktoba 2024. Akigawa trilioni 10 kwa hisa hizo anapata rupia 739 kwa hisa. Akichukua kwanza asilimia 67, anapata 495. Tofauti ni rupia 244. Kwa hisa iliyokuwa ikiuzwa karibu na rupia 1,400 katikati ya 2025, hiyo ni zaidi ya moja ya sita ya bei.

Hesabu hiyo ndiyo mlango wa njia inayofaa zaidi kwa makundi ya aina hii, yaani kupima kila biashara peke yake na kujumlisha. Kila moja ilinganishwe na kampuni ya aina yake ambayo tayari ina bei sokoni. Jio ilinganishwe na Bharti Airtel, ile ile ambayo mwaka 2010 ilinunua mitandao ya Zain barani Afrika na ambayo Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaijua kwa laini zao. Kiwanda kilinganishwe na Indian Oil na Bharat Petroleum, maduka na Avenue Supermarts, yenye maduka ya DMart.

Maduka ndiyo yanayotaka tahadhari kubwa. Mwaka 2023 mfuko wa uwekezaji wa Qatar ulilipa rupia bilioni 82.78 kwa karibu asilimia moja, bei iliyoifanya kampuni nzima ya maduka ihesabiwe kuwa na thamani ya trilioni 8.278. Asilimia 83 ya hiyo, ikigawanywa kwa hisa, ni takriban rupia 508. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi moja ya bei ya hisa ya Reliance ingesimama juu ya makadirio ya mnunuzi aliyechukua kipande cha karibu asilimia moja tu. Na makadirio hayo ni mara 33 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu ya mwaka 2025. Hiyo ni bei kubwa mno kwa biashara ya kuuza mchele, simu na mashati. Mwekezaji makini aikate, kisha aone kama hisa bado inanunulika.

Tuikamilishe hesabu kwa makadirio yasiyo na ukarimu wala uchoyo. Mafuta na kemikali yakipimwa kwa mara saba na nusu ya faida hiyo hiyo, ni takriban rupia 305 kwa hisa. Uchimbaji ukipimwa kwa mara tano, takriban 78. Jio 495, maduka 508 kwa bei ya Qatar. Deni halisi, baada ya kutoa fedha taslimu, lilikuwa trilioni 1.17 mwezi Machi 2025, yaani takriban rupia 86 kwa hisa. Jumla baada ya kutoa deni ni 1,300. Televisheni na mipango ya umeme wa jua hazimo. Lakini pia halimo punguzo ambalo masoko huitoza kampuni mama, kwa sababu anayenunua kupitia mama hawezi kuuza kipande kimoja na kubakiza kingine. Anayeona 1,400 ni bei ya bure hana budi kueleza ni namba gani kati ya hizi ameibadilisha, na kwa nini.

Deni lenyewe lataka macho mawili. Juni 2020 Reliance ilitangaza kwa shangwe kwamba haina tena deni halisi, miezi tisa kabla ya muda iliouahidi. Lilikuwa tukio la kweli na la kusifiwa, ila fedha zilitoka kwa wageni walionunua Jio na kwa wanahisa wenyewe, ambao waliuziwa hisa mpya za rupia bilioni 531. Miaka mitano baadaye deni limerudi. Pamoja nalo kuna deni la masafa ya mawasiliano ya simu. Kwenye mnada wa 5G uliomalizika Agosti 2022 Jio ilijifunga kulipa serikali rupia bilioni 880 kwa awamu za miaka 20 pamoja na riba. Huo si mkopo wa benki, lakini utalipwa kutoka mfuko ule ule ambao gawio hutoka. Anayelinganisha Jio na kampuni nyingine ya simu aliingize deni hilo kwenye hesabu.

Na gawio? Kwa mwaka ulioishia Machi 2025 lilikuwa rupia 5.50 kwa hisa, chini ya nusu ya asilimia moja ya bei ya 1,400. Faida kwa hisa ilikuwa rupia 51.47. Yaani karibu senti tisini kati ya kila mia zilibaki kwa kampuni zipangiwe matumizi. Mtu aliyezoea benki za Dar es Salaam au Nairobi zinazolipa gawio nono atashangaa. Hapa ndipo swali zito kuliko yote linapotokea: familia hii huzifanyia nini pesa inazobakiza?

Historia inajibu kwa sauti mbili. Faida za mafuta zilijenga Jio, iliyogharimu zaidi ya dola bilioni 30 kabla haijaanza kulipa. Ilipozinduliwa Septemba 2016 kwa simu za bure na intaneti ya bei ya kutupa, washindani kadhaa walifunga au kuungana, na Machi 2025 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 480. Ni mojawapo ya kamari kubwa za kibiashara za karne hii, na ilifanikiwa. Sauti ya pili ni ya gesi ya bahari ya mashariki, kwenye bonde la Krishna na Godavari. Uzalishaji ulianza Aprili 2009 kwa matumaini makubwa, BP ikanunua asilimia 30 ya vitalu vya Reliance mwaka 2011 kwa dola bilioni 7.2, na kufikia 2013 gesi iliyokuwa ikitoka haikufika hata robo ya lengo.

Mwanahisa aliyenunua Januari 2008, bei ilipokuwa kileleni, alisubiri hadi 2017 kuiona tena bei ile. Miaka tisa. Katika kipindi hicho kampuni haikuacha kupata faida. Faida ilizama kwenye gesi na kwenye minara ambayo ilikuwa haijaanza kuzaa. Kwa hiyo kipimo kimoja kisiachwe: faida ya mwaka ikilinganishwa na mtaji wote wa wenye kampuni. Kwa 2025 ilikuwa bilioni 813 juu ya mtaji wa takriban trilioni 10.1, yaani asilimia 8. Hatifungani za serikali ya India za miaka kumi zililipa takriban asilimia 6.5 mwaka huo huo. Kwa hatari yote hiyo ya mafuta, simu na maduka, asilimia 8 ni kidogo. Anayenunua leo ananunua tumaini kwamba mtaji uliokwisha kuzikwa utaanza kuzaa zaidi, na alijue hilo kabla hajatoa pesa.

Uongozi wa kifamilia nao ni sehemu ya bei. Familia ya Ambani inamiliki karibu nusu ya hisa, na mwaka 2023 watoto watatu wa Mukesh, yaani Isha, Akash na Anant, waliingia kwenye bodi. Ugomvi wa baba yao na Anil kuhusu bei ya gesi ulifika Mahakama ya Juu ya India, ambayo ilitoa hukumu Mei 2010. Safari hii urithi unapangwa mapema, jambo la heri kwa mwanahisa mdogo. Hata hivyo kila robo mwaka kampuni za India huwasilisha kwenye soko la hisa orodha ya wamiliki wakuu na kiasi cha hisa walizoziweka rehani. Ni ukurasa mfupi, na usipuuzwe.

Umuhimu wake ulionekana kwa kundi jingine, la Adani. Januari 2023 kampuni ya Marekani ya Hindenburg ilitoa ripoti ya kulituhumu kundi hilo kuchezea bei za hisa na hesabu. Adani walikanusha, lakini kampuni zao zilipoteza zaidi ya dola bilioni 100 za thamani sokoni kwa siku chache, wakafuta mauzo ya hisa mpya ya rupia bilioni 200, na mwezi Machi wakarudisha dola bilioni 2.15 walizokopa kwa rehani ya hisa. Mwekezaji aliyekuwa amesoma ule ukurasa wa rehani alijua mapema mahali ambapo moto ungeshika. Septemba 2025 mdhibiti wa India, SEBI, aliona baadhi ya tuhuma hazikuthibitika. Kabla ya hapo, Novemba 2024, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki Gautam Adani kwa madai ya rushwa ambayo kundi lake lilikanusha, Rais William Ruto wa Kenya alifuta mpango wa Adani wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na ule wa njia za umeme. Wakati huo kampuni ya kundi hilo ilikuwa imeshaingia bandari ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 30 wa gati la makontena. Hisa za Mumbai zinaweza kutikiswa na uamuzi wa Nairobi.

Ikiwa baada ya yote hayo mtu bado anazitaka hisa za Reliance, njia ni chache. Mtanzania au Mkenya mwenye asili ya India aliye na kadi ya OCI, ambayo India huwapa watu wenye asili yake walio raia wa nchi nyingine, anaweza kufungua akaunti ya hisa India kama Wahindi wa ughaibuni. Wengine hupitia hati za amana za Reliance zinazouzwa London, ambapo hati moja husimamia hisa mbili, au mifuko inayofuata soko zima la India. Njia ya mfuko ina faida kwa mwenye mtaji mdogo: Reliance imo miongoni mwa hisa kubwa kabisa za mfuko wa aina hiyo, pamoja na HDFC Bank, ICICI Bank na Infosys, kwa hiyo huenda tayari anazo kiasi cha kumtosha. Kabla ya kutuma pesa nje, aulize benki yake kuhusu kanuni za fedha za kigeni za nchi yake.

Kodi ya India kwa anayeuza hisa sokoni kule, tangu Julai 2024, ni asilimia 12.5 ya faida kwa aliyeshika hisa zaidi ya mwaka mmoja, na asilimia 20 kwa aliyeuza mapema. Gawio la asiye mkazi hukatwa kodi kabla halijamfikia. Tanzania na Kenya zina mikataba na India ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili, lakini nafuu yake huja kwa anayewasilisha hati za ukazi wake wa kikodi.

Kuhusu thamani ya fedha, makala nyingi za Ulaya na Marekani huonya kwamba rupia hushuka, na ni kweli: Januari 2008 dola moja ilikuwa chini ya rupia 40, Desemba 2025 ilipita 90. Hisa iliyopanda mara mbili kwa rupia katika muda huo ilimwacha mwenye dola na hasara. Msomaji wa Afrika Mashariki ana hesabu nyingine, maana shilingi ya Tanzania na ya Kenya nazo zimepoteza takriban nusu ya thamani yake mbele ya dola katika miaka hiyo. Apime rupia dhidi ya shilingi anayoitumia.

Jambo la kufuatilia kwa karibu ni Jio kuingia soko la hisa, hatua ambayo Mukesh Ambani aliwaambia wanahisa Agosti 2025 kwamba inalengwa nusu ya kwanza ya 2026. Waraka wa mauzo ndio utakaosema mambo ya maana: kama zinauzwa hisa mpya, ambazo fedha zake huingia Jio, au hisa za wageni wa 2020, ambazo fedha zake huwaendea wao, na kama wanahisa wa Reliance watapewa fungu la moja kwa moja, kama walivyopata hisa moja ya Jio Financial Services kwa kila hisa yao ilipotengwa Julai 2023, au watabaki kuishika Jio kupitia mama.